Siku moja kando ya maji ya Uholanzi, na swali lililotoka Mwanza

Kwenye basi la kutoka Amsterdam kwenda Edam, mama mmoja wa Mwanza anamnyooshea dereva noti ya euro kumi. Dereva anatikisa kichwa na kumwonyesha kimashine kilichofungwa mlangoni. Mabasi ya Uholanzi hayapokei fedha taslimu. Unagusisha kadi ya benki ukipanda, unagusisha tena ukishuka, na kila abiria awe na yake. Binti anagusisha kadi, kisha anagusisha simu kwa ajili ya mama yake.

"Sasa mtu asiye na benki anapandaje?" anauliza mama akiwa ameshakaa.

Hakuna anayemjibu.

Ni Jumatano ya mwezi Julai, saa tatu na robo asubuhi. Mama ana miaka 61, ni muuguzi mkunga mstaafu aliyefanya kazi zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa katika wodi ya wazazi. Binti ana miaka 28, anamalizia shahada ya uzamili Amsterdam, na Desemba anaolewa. Wote wawili wameomba majina yao yasitajwe kwa kuwa jambo walilokuwa nalo siku hiyo lilikuwa bado la ndani ya familia.

Jambo lenyewe ni hili. Mama alizaa watoto wanne. Wa tatu, wa kiume, alizaliwa na selimundu, akafariki akiwa na miaka tisa. Binti huyu, ambaye ni wa pili, alipimwa akiwa sekondari akaonekana ni mbebaji: haumwi, lakini anaweza kumrithisha mtoto. Mchumba wake, kijana wa Shinyanga anayefanya kazi Dodoma, hajawahi kupima. Na binti hajamwambia apime.

"Mtu ameshaleta posa, wazee wameshakaa, halafu nimwambie kapime damu? Ataona namtafutia kasoro," anasema binti.

Mama alikuwa na wiki mbili Uholanzi. Kila alipoligusa suala hilo, binti aliinuka kwenda kuosha vyombo. Safari ya siku moja kwenda miji ya kando ya maji, kaskazini ya Amsterdam, ilikuwa zawadi ya binti kwa mama, na kwa namna fulani ilikuwa pia njia ya kupitisha siku nzima wakiwa na mtu wa tatu.

Basi linapotoka jijini, mambo ya ajabu yanaanza. Ng'ombe wanalisha chini, na mashua zinapita juu. Si mzaha. Takriban robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari, na eneo hili linaitwa Waterland, yaani nchi ya maji. Mifereji imeinuliwa kwa matuta, mashamba yamelala chini yake, na maji ya mashambani husukumwa juu kwa pampu usiku na mchana. Zamani kazi hiyo ilifanywa na vinu vya upepo. Basi linapita kijiji cha Broek, ambacho kwa karne kadhaa kilisifika kwa usafi uliopita kiasi. Inasimuliwa kwamba hata Napoleon alipofika aliambiwa avue viatu mlangoni. Mama anasikia hilo kutoka kwa binti na kutikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepata ndugu mahali asipotarajia.

Mwongozaji wao anawasubiri kituoni Edam. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, koti la mvua mkononi ingawa jua linawaka. Amezaliwa na kukulia Volendam, mji wa pili watakaoutembelea, na ameongoza wageni kwa miaka mingi. Anazungumza Kiingereza cha polepole. Mama naye Kiingereza chake ni cha hospitalini, kwa hiyo wanaelewana vizuri kuliko binti alivyodhani. Baada ya dakika kumi mama anamwita "dada", na mwongozaji, akishaelezwa maana yake, anaanza kumwita mama "dada" pia.

Edam inajulikana duniani kwa jibini lake la mviringo. Lile la kuuzwa nje huvikwa nta nyekundu, lakini wenyewe hulila likiwa na ganda la njano. Jibini hilo lilipendwa na mabaharia kwa sababu halikuharibika upesi safarini. Jumatano za Julai na sehemu ya Agosti, kuanzia saa nne na nusu asubuhi, mji huigiza soko lake la zamani. Jibini huletwa kwa mashua na mikokoteni ya farasi, wabebaji waliovaa nguo nyeupe hukimbia nalo kwenye machela ya mbao, na muuzaji na mnunuzi hupigana viganja huku wakitaja bei. Kila kofi ni bei mpya. Kofi la mwisho ndilo mkataba.

Soko la kweli lilikoma mwaka 1922. Hili la sasa ni la kuonyesha watalii, na mwongozaji halifichi. Mama analipenda hivyo hivyo. Anasimama mbele kabisa, na wanaume wawili wanapopigana viganja anacheka kwa sauti na kusema wanafanana na madalali wa mwalo wa Kirumba wakigombania sangara, tofauti ni kwamba Kirumba hakuna anayevaa nyeupe.

Kwenye uwanja wa katikati ipo nyumba ya zamani ambayo sasa ni makumbusho, na chini yake kuna ghala lililojengwa kwa matofali ambalo halijashikamana na nyumba. Linaelea juu ya maji ya ardhini. Ukitembea ndani, sakafu inasogea kidogo. Mama anashuka ngazi mbili, anahisi sakafu inacheza, anapanda tena. Anasema ameshaona.

Kutoka Edam hadi Volendam ni mwendo wa kama kilomita tatu, na mwongozaji anapendekeza watembee juu ya tuta. Ni hapo safari inapopata uzito. Mkono mmoja kuna maji mapana, ya kijivu, yakipiga mawe. Mkono wa pili, chini sana kuliko maji hayo, kuna mashamba, ng'ombe, paa za nyumba. Kondoo wanakula nyasi za tuta lenyewe, na wanahesabiwa kuwa na kazi: midomo yao inafupisha nyasi na kwato zao zinashindilia udongo.

"Mpaka mwaka 1932 hii ilikuwa bahari," anasema mwongozaji.

Iliitwa Zuiderzee, bahari ya kusini, mkono wa Bahari ya Kaskazini ulioingia katikati ya nchi. Miji hii yote iliishi kwa samaki wake na ilikufa kwa dhoruba zake. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Januari 1916 matuta yalipasuka mahali pengi. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria ya kuifunga bahari, mpango wa mhandisi Cornelis Lely aliyekuwa pia waziri. Mwaka 1932 tuta la kilomita 32 lilikamilika. Bahari ikawa ziwa. Chumvi ikaisha taratibu kwa maji ya mito. Baadaye, katika miaka ya 1970, tuta jingine liliugawa upande huu, na ziwa wanalolitazama leo linaitwa Markermeer.

Kisha mwongozaji anasema jambo lililomfanya mama asimame. Bibi yake, anasema, alikuwa akisimulia juu ya homa ya zamani iliyokuwa ikija siku moja, inaruka siku inayofuata, inarudi siku ya tatu. Mtu anatetemeka mpaka kitanda kinatetemeka naye.

"Hiyo ni malaria," anasema mama.

Ni malaria kweli.

"Huku? Kwenye baridi hii?"

Wasomaji wengi wa ukurasa huu watashangaa kama mama alivyoshangaa, lakini jimbo hili la Noord-Holland lilikuwa na malaria mpaka katikati ya karne iliyopita. Kimelea chake hakikuwa kile kinachoua watoto wengi Afrika, bali ndugu yake anayeitwa vivax. Mbu wake alipenda kuzaana katika maji yenye chumvi kidogo, na pembezoni mwa Zuiderzee maji ya aina hiyo yalikuwa kila mahali. Baridi ilipoingia mbu hakufa. Alihamia ndani, kwenye zizi la ng'ombe na kwenye nyumba zenye joto, na akiwa humo aliendelea kuuma mara mojamoja. Aliyeumwa na mbu majira ya vuli angeweza kuanza kuumwa homa mwaka uliofuata, kiangazi kikikaribia, akiwa ameshasahau kwamba mbu wapo. Watafiti wa Kiholanzi, akiwamo Swellengrebel ambaye jina lake limebaki katika historia ya malaria duniani, walilifumbua fumbo hilo papa hapa katika vijiji vya jimbo hili.

Dawa ilikuwepo. Kwinini ilitengenezwa kutokana na magome ya miti iliyolimwa Java, iliyokuwa koloni la Uholanzi, na Amsterdam ilikuwa soko kubwa la magome hayo. Lakini kilichoimaliza malaria hakikuwa kidonge peke yake. Maji yalipoteza chumvi baada ya bahari kufungwa, nyumba za watu zikatenganishwa na mazizi, dawa ya kuua mbu ikapulizwa, wagonjwa wakatibiwa. Mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Uholanzi kuwa nchi isiyo na malaria.

Mama anaangalia ng'ombe wale chini ya tuta kwa muda. Halafu anamwambia binti kwa Kiswahili, "Kumbe walikuwa kama sisi, na si zamani." Anahesabu: mwaka 1970 yeye alikuwa ameshazaliwa.

Binti anajua mama anakoelekea, kwa sababu mama amemfundisha mwenyewe. Chembe ya selimundu imeenea katika maeneo yenye malaria kwa kuwa mtu mwenye chembe moja, yaani mbebaji, huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayepata mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, ndiye anayeugua. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye selimundu nyingi, na nchi nzima watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Mama hakuyasema hayo pale juu ya tuta. Aliendelea kutembea.

Volendam inaanza kwa harufu kabla ya kuonekana. Ni harufu ya moshi wa samaki. Nyumba zake ndogo za mbao zimejipanga nyuma ya tuta, chini, kiasi kwamba mtu akisimama barabarani juu ya tuta anaweza kuangalia ndani ya dirisha la ghorofa ya mtu. Mji una wakazi wapatao 22,000 na siku ya kiangazi huenda watalii wakawa wengi kuliko wenyeji. Wanapiga foleni wapigwe picha wakiwa wamevaa mavazi ya asili ya Volendam: sketi ya mistari, aproni, kofia nyeupe yenye ncha mbili zilizopinda kama mabawa, na viatu vya mbao. Binti anakataa. Mama anaingia. Anavalishwa kofia juu ya kilemba chake, kwa kuwa amekataa kukivua, na picha inatoka akiwa na mabawa mawili meupe juu ya kitenge cha bluu. Ipo kwenye simu za ndugu wote wa Mwanza sasa.

Chakula cha mchana ni samaki wa kuokwa kwa moshi, mrefu, mweusi, anang'aa kwa mafuta. Mama anamgeuza kwenye karatasi.

"Huyu si kamongo?"

Anafanana naye, lakini si yeye. Ni yule ambaye Waswahili wa pwani humwita mkunga. Binti anapomweleza mwongozaji kwamba neno hilo ndilo pia jina la kazi ya mama yake, mwongozaji anacheka mpaka anaweka chini chakula chake. Mama anakula mkunga wote, anafuta vidole, anasema kamongo ni mtamu zaidi. Mkunga wa Ulaya sasa yuko hatarini kutoweka, na wengi wanaouzwa leo wamekuzwa kwenye mabwawa. Bahari ilipofungwa, anasema mwongozaji, mkunga alivumilia maji baridi, lakini samaki wengine waliolisha mji huu waliondoka pamoja na chumvi. Babu yake alikuwa mvuvi. Siku tuta lilipokamilika, nchi ilishangilia. Volendam walipandisha bendera nusu mlingoti, au ndivyo babu alivyosimulia.

Wanapotembea barabara ya bandarini mwongozaji anapunguza mwendo mbele ya jengo moja. Usiku wa mwaka mpya wa 2001, muda mfupi baada ya saa sita, mapambo ya Krismasi yaliyotundikwa darini katika baa iliyokuwa humo yalishika moto kutokana na fataki za mkononi. Vijana 14 walikufa, zaidi ya 200 walijeruhiwa, wengi wakiwa na majeraha makubwa ya moto, na hospitali za Uholanzi zilizidiwa hadi wengine wakapelekwa Ubelgiji na Ujerumani. Mama anauliza swali la muuguzi: waliopona wakoje? Mwongozaji anasema wapo, wana watoto sasa, wanapita hapa hapa kwenda dukani. Hasemi zaidi.

Ni katika mgahawa mdogo, wakisubiri boti ya saa tisa, ambapo mama anauliza swali ambalo mwanamke wa Mwanza humuuliza mwanamke mwenzake mapema zaidi kuliko hapo: ana watoto wangapi?

Wawili, anasema mwongozaji. Dada yake alikuwa na watatu, mmoja alifariki.

Volendam ni mji wa Wakatoliki uliozungukwa na Waprotestanti. Kwa karne nyingi watu wake walioana wenyewe kwa wenyewe, kiasi kwamba hadi leo majina ya ukoo ni machache, na mtu hutambulishwa kwa jina la utani la familia ili asichanganywe na wengine. Mababu wachache, watoto wengi. Chembe chache za magonjwa ya kurithi zilizokuwa kwa mababu hao zimesambaa katika mji mzima. Mmoja wa magonjwa hayo huzuia sehemu ya ubongo kukua. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha anashindwa kunyonya vizuri, anakuwa na mikakamao, hajifunzi kukaa, na wengi hufariki wakiwa bado wadogo. Ulielezwa kitaalamu na daktari wa mishipa ya fahamu wa Amsterdam, Peter Barth, kutokana na familia za hapa.

"Wazee walikuwa wanasema tu ni mtoto dhaifu," anasema mwongozaji. "Dada yangu alijilaumu. Alidhani ni kitu alichokula."

Mama anasema kwamba yeye alijilaumu pia. Mwanawe alivimba mikono na miguu akiwa na miezi minane, ishara ambayo kwa kawaida ndiyo ya kwanza kwa mtoto mwenye selimundu. Akatibiwa malaria. Akavimba tena, akatibiwa malaria tena. Alikuwa na miaka mitatu alipopimwa damu ya selimundu kwa mara ya kwanza, na mama yake alikuwa muuguzi. Anasema sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, mara ya pili kwa Kiswahili.

Binti hajawahi kumsikia mama akimweleza mgeni habari hizo.

Tangu mwaka 2012, mwongozaji anaendelea, hospitali ya chuo kikuu ya Amsterdam ina kliniki ya watu wa Volendam wanaotaka kupata mtoto. Wanapimwa damu kwa magonjwa manne ya kurithi yanayojulikana mjini. Katika waliopimwa mwanzoni, takriban mmoja kati ya watatu alikuwa mbebaji wa angalau ugonjwa mmoja. Hilo lilisaidia, anasema, maana ukisema ni mbebaji, unayemwambia huenda naye ni hivyo.

Hapo binti anaingia kwenye mazungumzo.

"Lakini msichana anamwambiaje mchumba wake akapime?"

Mwongozaji anafikiri. Anasema haoni kama wanaambiana hivyo. Wanakwenda pamoja. Hata asiyehitaji kwenda, anakwenda. Halafu anasema mwanawe mwenyewe aligoma. Alikuwa na miaka 30, mchumba wake alishaweka miadi, na yeye akaahirisha miezi sita kwa visingizio vya kazi. Hakuwa anadharau. Alikuwa anaogopa kwamba yeye ndiye atakayekuwa na kasoro. Walipokwenda hatimaye, wote wawili walikuwa wabebaji, lakini wa magonjwa tofauti, kwa hiyo mtoto wao hakuwa hatarini. Kinacholeta hatari ni wazazi wawili kubeba chembe ya ugonjwa mmoja. Hapo kila mimba inakuwa na uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto kuugua. Ndivyo ilivyo kwa selimundu pia. Na ni kila mimba, si mtoto mmoja katika kila wanne, kosa ambalo mama anasema amelisahihisha wodini maisha yake yote.

"Na wanaokutwa wote na ugonjwa mmoja? Wanaachana?" binti anauliza.

Anaowajua yeye hawakuachana. Wapo waliopima mimba mapema, wapo waliosaidiwa kitaalamu kupata mimba isiyo na ugonjwa huo, yupo aliyeamua kutozaa. Mama anaongeza kwa upande wa nyumbani: kwa selimundu, hata wanaoamua kuzaa wana faida kubwa wakijua mapema, maana mtoto anapimwa akizaliwa, anaanzishiwa penisilini na asidi ya foliki, anapewa chanjo zote, na ipo haidroksiurea inayopunguza maumivu. "Mwanangu hakupata hata kimoja kwa wakati," anasema.

Boti inapiga honi. Wanalipa haraka.

Safari ya kuvuka hadi Marken huchukua kama nusu saa. Ziwa hili lina kina cha mita chache tu. Ziwa Victoria ni kubwa kulilinganisha na hili karibu mara mia, na mama anahakikisha mwongozaji amelielewa hilo. Upepo unavuma. Hata Julai mtu anahitaji sweta, na ni mwongozaji aliyekuwa na akili ya koti. Binti anakaa nyuma peke yake. Mama anamwacha.

Marken ilikuwa kisiwa mpaka mwaka 1957, ilipounganishwa na nchi kavu kwa tuta lenye barabara juu yake. Hapa watu ni Waprotestanti. Volendam inaonekana waziwazi ng'ambo ya maji, na bado kwa karne nyingi kijana wa huku hakuoa kule. Nyumba ni za mbao, zimepakwa kijani na nyeupe, zimejazana juu ya vichuguu vya udongo vilivyoinuliwa kwa mikono ili maji yakija yasifike. Vichuguu vilipojaa, watu walijenga juu ya nguzo na kuacha mawimbi yapite chini. Mwaka 1916 hilo halikutosha. Watu 16 wa Marken walikufa usiku mmoja, katika kijiji ambacho kila mtu ni jamaa ya mwenzake.

Wanaingia katika nyumba iliyofanywa makumbusho. Chumba kimoja, sahani zimetundikwa ukutani kila mahali, na kitanda kiko ndani ya kabati lenye milango. Ni kifupi mno. Watu walilala wakiwa wameketi nusu, na waongozaji wote wa eneo hili husema ni kwa sababu kulala chali kabisa kulikuwa mkao wa maiti. Chini ya kitanda kuna droo ya mtoto mchanga. Mama anapiga goti, anaivuta, anaipima kwa shibiri. Anauliza mwanamke alijifungulia wapi. Humo humo kabatini, anajibiwa. Anasimama akishika kiuno, kwa niaba ya wakunga wote waliowahi kuinama mbele ya kabati hilo.

Mwongozaji anaagana nao bandarini saa kumi na moja, maana boti yake ya kurudi Volendam inaondoka. Mama anamwachia khanga aliyokuwa nayo mkobani tangu asubuhi. Mwongozaji anauliza maandishi yake yanasema nini, na binti anahangaika kuyatafsiri mpaka boti inapiga honi.

Wanabaki wawili kwenye benchi, wakisubiri basi la Amsterdam. Jua bado liko juu. Julai huku linazama kama saa nne usiku. Kwenye kamba za nguo nyuma ya nyumba za kijani, mashuka yanapigwa na upepo. Binti ametoa simu. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Kisha anamwonyesha mama kabla ya kutuma, jambo ambalo, kwa maelezo ya mama, hajalifanya tangu akiwa darasa la saba.

Ameandika kwamba mdogo wake aliyefariki alikuwa na selimundu, kwamba yeye mwenyewe ni mbebaji, kwamba alipaswa kumwambia kabla ya posa na aliogopa. Na kwamba anaomba wakapime pamoja, yeye akirudia na mwenzake akianza.

"Tuma," anasema mama.

Anatuma. Tiki mbili zinatokea, za kijivu. Dodoma ni saa kumi na mbili na dakika kadhaa jioni, watu wako kwenye foleni za daladala. Mama anatoa kipande cha jibini la Edam alichonunua asubuhi, anakikata kwa funguo ya nyumba, wanakula kimya. Tiki zinageuka bluu. Inapita dakika moja, mbili, tano. Basi linaonekana kwa mbali juu ya lile tuta, dogo, maji pande zote mbili.

Simu inalia basi likiwa linapunguza mwendo. Binti anasoma, anacheka, anafuta macho kwa mgongo wa mkono, anampa mama asome mwenyewe.

"Pole kwa mdogo wako. Hukuwahi kuniambia. Hicho kipimo mtu anakwenda bila kula?"

"Mwambie ale," anasema mama, akitafuta simu ya kugusisha mlangoni. "Na asisubiri Desemba."